Binti yangu anavaa sensa ya sukari: tutawezaje siku tatu za bustani ya burudani?

Swali: Dada, salaam. Binti yetu ana miaka minane na uzito wa kilo 25. Ana kisukari aina ya kwanza, mwaka na nusu sasa. Anachoma insulini kwa kalamu, na mkononi amevaa sensa inayotuma vipimo kwenye simu yake kila baada ya dakika tano. Mimi na baba yake tunaviona kwenye simu zetu. Tumemwahidi siku tatu kwenye bustani kubwa ya burudani, na tutasafiri kwa ndege. Baba yake anataka tuivue sensa siku hizo kwa sababu ya sumaku za bembea na michezo ya maji, turudi kwenye kutoboa kidole. Mimi ninaogopa mawasiliano yakatike akiwa juu huko. Nani yuko sahihi, na tujipangeje?

Jibu: Dada yangu, nianze na la baba yake ili tulimalize. Msiivue.

Wasiwasi wake una msingi, na ninamheshimu kwa kuufikiria. Treni nyingi za kisasa za kupanda na kuporomoka, wenyewe wanaziita rolakosta, hurushwa kwa sumaku-umeme na kusimamishwa kwa breki za sumaku. Tena vitabu vya maelekezo vya baadhi ya sensa vinakataza kuingia nazo kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Lakini ndani ya MRI mgonjwa analazwa katikati kabisa ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3. Sumaku za rolakosta zimefungwa kwenye reli na chini ya behewa, na nguvu ya sumaku hufifia haraka sana kila unaposogea mbali nayo. Mkono wa mtoto aliyekaa kitini hauko hapo. Pampu ya insulini, kifaa kinachovaliwa na kuingiza insulini mwilini muda wote, ni habari nyingine, kwa sababu wapo watengenezaji wanaoagiza pampu ichomolewe kabla ya kupanda michezo ya kuporomoka, wakitaja sumaku hizo hizo. Mzazi ambaye mwanawe ana pampu asome kitabu chake kabla ya kufunga mizigo, na ajue kwamba pampu iliyochomolewa ni insulini iliyosimama, kwa hiyo isikae nje muda mrefu. Ninyi mnatumia kalamu, hili haliwahusu.

Maji nayo si adui wa sensa kama anavyodhani. Zipo zinazostahimili kina cha mita 1 kwa dakika 30, na zipo za mita 2.4 kwa saa 24. Angalieni ya kwenu inasemaje. Kinachokufa majini ni mawasiliano. Bluetooth haipenyi maji, kwa hiyo mkono ukizama tu, namba zinakatika. Sensa inaendelea kupima kimyakimya na kuhifadhi, na mkono ukitoka nje ikaipata simu, inajaza pengo. Kwenye mitelezo ya maji, basi, simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji kwa mtu mzima aliye ukingoni, na kila nusu saa mtoto atoke, akauke, mwone namba pamoja. Hapo nimemaliza na maji.

Sasa kuna sababu kubwa zaidi ya kutoivua. Siku hizi tatu sukari yake itahangaika kuliko siku yoyote ya shule. Atatembea kilomita ambazo hajawahi kutembea, na kutembea kunashusha sukari. Joto litaifanya insulini iliyochomwa iingie mwilini haraka kuliko kawaida. Atakula saa zisizo zake. Halafu kuna msisimko: moyo ukienda mbio, homoni ya adrenalini inapandisha sukari kwa muda, kisha inaachia. Kutoboa kidole kunakupa namba moja. Sensa inakupa namba na mshale unaoonyesha sukari inakoelekea, na katika bustani ile mshale una thamani kuliko namba. Mtoto mwenye 6.5 mmol/L na mshale uliolala yuko salama. Mwenye 6.5 hiyo hiyo na mishale miwili inayotazama chini anahitaji kitu mdomoni sasa hivi.

Nije kwenye hofu yako. Unaogopa mawasiliano yakatike akiwa juu ya bembea. Yatakatika, hilo usilipiganie. Bluetooth ya sensa hizi hufika mita 6 hadi 10 hivi pasipo kizuizi, na michezo mingi mikubwa hairuhusu simu mfukoni. Mingine inakupitisha kwenye kitambua vyuma kabla ya kupanda, na simu inabaki kabatini. Lakini hesabu dakika. Mchezo wenyewe ni dakika mbili, tatu. Mtoto aliyepanda na sukari nzuri na mshale uliolala hawezi kuanguka ndani ya dakika tatu. Foleni ya mchezo huo ndiyo dakika sitini, tisini, wakati mwingine zaidi, juani, amesimama, katikati ya umati, na insulini ya chakula cha mchana ikifanya kazi yake. Mimi ninaogopa foleni.

Nitakueleza kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita nilisindikiza kundi la watoto wa kliniki yetu kwenye matembezi ya namna hii. Nilikuwa foleni na mvulana wa miaka tisa. Simu yake ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa kwa mwenzangu aliyekaa kivulini na mizigo ya kundi zima. Mimi nilikuwa naangalia namba zake kwenye simu yangu: 7.8, mshale umelala. Niliangalia mara tatu, nikafurahi mara tatu. Kisha nikaona kijana ameacha kuongea. Ameegemea kile chuma cha foleni kwa kifua, anatazama sakafu, analamba midomo. Nikamshika shingoni nyuma, nikakuta jasho la baridi. Nilipomtoboa kidole ilikuwa 2.9. Ndipo nikaisoma vizuri simu yangu. Chini ya ile 7.8, kwa herufi ndogo za kijivu, kulikuwa kumeandikwa: dakika 40 zilizopita. Simu yake ilipotoka karibu naye iliacha kumsikia, ikalia peke yake ndani ya begi kwenye kelele za muziki, na yangu ikabaki kunionyesha namba ya mtoto wa dakika arobaini nyuma.

Alikunywa juisi, akapona, akapanda mchezo wake saa moja baadaye. Mimi ndiye niliyebadilika. Tangu siku hiyo sisomi namba kabla ya kusoma saa yake. Wewe na baba yake mjizoeze hivyo hivyo, kwamba jicho lianzie kwenye muda, kisha mshale, namba mwisho. Namba iliyozidi dakika kumi na tano ihesabuni kuwa haipo.

Ninakuomba uelewe njia ambayo namba inapita kabla ya kukufikia, kwa sababu kila hatua inaweza kukatika bila kelele. Sensa inaituma namba kwenye simu ya mtoto kwa Bluetooth. Simu ya mtoto inaituma kwenye intaneti. Huduma ya kampuni inaipokea na kuisukuma kwenye simu yako, nayo lazima iwe na intaneti pia. Katika bustani yenye maelfu ya watu wanaopiga picha na kuzirusha, mtandao wa simu unalemewa. Hata pasipo umati hutokea. Mwishoni mwa Novemba 2019 huduma ya kufuatilia kwa mbali ya Dexcom, kampuni inayotengeneza sensa za namna hii, ilikatika, na wazazi wengi walilala wakidhani kimya cha simu ni habari njema. Ndani ya programu ya kufuatilia kuna onyo la kukosa data. Ingia leo uone kama limewashwa kwenye simu yako na ya baba yake, usidhani. Kwenye simu ya mtoto nako kuna onyo la kupoteza mawasiliano, na mara nyingi hungoja dakika 20 kabla ya kulia. Dakika 20 foleni ni nyingi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba mtoto, simu yake na sukari ya kumwokoa havitengani. Mtu mzima aliye naye foleni ndiye anayebeba simu ya mtoto, si ile ya kwake ya kufuatilia. Hapo hamhitaji intaneti wala kampuni, kwa sababu sensa na simu vinasemezana moja kwa moja na mlio unatoka mkononi mwake. Kufuatilia kwa mbali kubaki kwa yule aliyekaa kivulini, kama jicho la ziada tu.

Nunueni kibegi cha kiunoni chenye rangi inayoonekana. Ndani yake muwe na simu ya mtoto, mashine ya kutoboa kidole na stripu, vidonge vya glukosi, juisi ndogo mbili, glukagoni (dawa ya dharura ya kupandisha sukari), na kalamu ya insulini kwenye mfuko wake wa ubaridi. Kibegi hicho ndicho zamu. Anayekivaa ndiye mlinzi, na mkikabidhiana mseme kwa sauti: «Nimekushika zamu, iko 8.2, mshale umelala, amekula saa saba.» Mwanzoni mtaona aibu. Lakini nahodha wengi chombo huenda mrama, na katika kazi yangu nimeona mara nyingi mtoto akishuka sukari mbele ya watu wazima wanne, kila mmoja akidhani mwingine ameangalia. Shangazi au kaka mkubwa akisafiri nanyi, naye afundishwe kabla hajakivaa, si siku ile getini.

Mkifika jukwaani pa kupandia, na simu lazima ibaki, ndipo mnaangalia kwa mara ya mwisho. Mimi sipandishi mtoto aliye chini ya 5.5 mmol/L (takriban 100 mg/dL), wala mwenye mshale wa kushuka, hata namba yake iwe nzuri. Nampa glukosi kidogo, tunangoja. Hiyo ni namba yangu, daktari wenu anaweza kuwapa nyingine. Bustani nyingi zina utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja apande na mwingine abaki na mtoto, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya. Ulizeni mlangoni. Nanyi mnaweza kuutumia kwa njia yenu: baba anapanda na binti, wewe unabaki na kibegi pale wanapotokea, karibu iwezekanavyo. Wakishuka, simu inamsikia ndani ya dakika chache na pengo linajazwa.

Kuhusu kusaidiwa foleni, msitegemee kitu ambacho hamjakiuliza. Wazazi wengi wamesikia kwamba mtoto mwenye ugonjwa sugu hupita mlango wa pembeni. Bustani za Disney za Marekani, kwa mfano, zilibadilisha mpango wao mwaka 2024, na sasa umelengwa hasa kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, wasioweza kukaa foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Kisukari peke yake kinaweza kisitoshe. Ninyi ulizeni jambo dogo zaidi, nalo mara nyingi linakubalika: mtoto akishuka sukari katikati ya foleni, tunaweza kutoka na kurudi palepale tulipokuwa? Ulizeni pia chumba cha huduma ya kwanza kiko wapi na kama kina jokofu la dawa. Barua ya daktari iwe mkononi. Juisi na glukosi za matibabu msikubali zibaki getini. Mkielezwa kwamba chakula hakiruhusiwi, semeni kwa upole kwamba hiyo ni dawa na muonyeshe barua.

Sasa milio. Wazazi wengi hupotea hapa. Kabla ya safari, pandisha kiwango cha onyo la kushuka. Kama nyumbani linalia kwenye 3.9 mmol/L (70 mg/dL), lipeleke 4.5 au 5 kwa siku hizo tatu, upate muda wa kutenda. Onyo la kupanda lifanyie kinyume, lisogeze juu zaidi, kwa sababu mtoto atapanda baada ya msisimko na baada ya vitafunio. Simu ikilia mara ishirini kabla ya adhuhuri, masikio yenu yataacha kuisikia, na mlio wa ishirini na moja ndio utakuwa wa kushuka. Kupanda kwa saa mbili hakutamdhuru. Ila akikaa juu ya 14 mmol/L (250 mg/dL) kwa muda, au akitapika, pimeni ketoni (asidi zinazojikusanya mwilini insulini ikipungua), na msikimbilie kusema ni kizunguzungu cha bembea.

Halafu ikague simu yenyewe. Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwa watu wanaotumia simu pamoja na vifaa vya kisukari: kuna walioukosa mlio wa hatari kwa sababu ya mipangilio ya simu. Wengine simu ilikuwa imejisasisha mfumo na kubadilisha ruhusa za programu. Wengine waliunganisha vipokea sauti vya masikioni, mlio ukaenda huko. Kwa hiyo zima kujisasisha kwa simu zote tatu wiki moja kabla. Kagua hali ya usinisumbue. Mtoto asisikilize muziki kwa simu ile ile inayomlinda. Na simu isianikwe juani, kwa sababu simu nyingi zimeundwa kwa joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na ikichemka itajizima ipoe, kibegi kikiwa kiunoni na wewe hujui. Beba pawabanki mbili. Kwenye ndege zinakaa nanyi ndani, si kwenye mizigo ya chini.

Ndege yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Insulini na sensa za akiba ziwe nanyi juu, kwa sababu kule chini insulini inaweza kuganda, na iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwenye ukaguzi, sema mapema kwamba mtoto ana kifaa cha matibabu mwilini, omba ukaguzi wa mkono pale kitabu cha sensa yenu kinapoagiza hivyo. Ndani ya ndege mnaweka simu kwenye hali ya ndege, kisha mnawasha Bluetooth tena. Hatua hii ya pili husahaulika, na mnakuja kushtuka saa tatu baadaye.

Sensa mpya msiibandike asubuhi ya bustani. Siku ya kwanza ya sensa namba zake huwa hazijatulia, na zipo zinazochukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kutoa namba yoyote. Pangeni tarehe ili siku ya kwanza ya bembea iwe angalau siku ya pili ya sensa, na muwe na mbili za akiba. Jasho na maji huilegeza gundi, kwa hiyo weka plasta ya juu yake ngozi ikiwa safi na kavu kabla ya kupaka chochote. Losheni ya kuzuia jua na dawa ya mbu vipakwe kuizunguka, si juu yake, kwa kuwa baadhi vinaharibu plastiki na gundi pia. Na angalia kile chuma cha usalama kinachoshuka mabegani kwenye bembea. Kikiiminya sensa kinaweza kuibandua. Kikiibana bila kuibandua kinaweza kukupa namba ya chini ya uongo, kama anavyopata akiulalia mkono usiku. Namba na mtoto visipopatana, toboa kidole.

Na ukitoboa, mnawishe mikono kwanza. Hili ninalisisitiza kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Mtoto ametoka kula pipi ya pamba, ile ya nyuzinyuzi za sukari, mama anatoboa, mashine inasoma 17. Kalamu ya insulini imeshatolewa. Namwambia angoje. Tunamwaga maji ya chupa juu ya kile kidole, tunakikausha, tunatoboa tena: 6.4. Ile 17 ilikuwa sukari ya ngozi. Insulini ya kushusha 17 ingeingia kwa mtoto mwenye 6.4 anayeelekea foleni ya saa nzima. Kama hakuna maji, futa vizuri, kamua tone la kwanza ulitupe, tumia la pili.

Akishuka kweli, usimjaze. Kwa watoto kipimo kinachotumika sana ni gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo ya mwili. Binti yako wa kilo 25 anahitaji gramu 7 hadi 8, yaani vidonge viwili vya gramu 4. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari. Kisha ngoja dakika 15, na hapa uwe na moyo mgumu, kwa sababu sensa haipimi damu, inapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, na huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10 au zaidi kidogo. Damu itakuwa imepanda huku simu ikiendelea kulia na mshale ukitazama chini. Wazazi wanaoogopa wanaongeza juisi ya pili na ya tatu, na saa moja baadaye mtoto yuko 18. Dakika 15 zikiisha, amini kidole.

Glukagoni, nayo, itumike akiwa hawezi kumeza, amezimia au anatetemeka kwa degedege. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpe, ita msaada. Ya kupulizia puani ni rahisi zaidi katika umati. Usiijaribu kwanza hewani, kwa sababu ina dozi moja tu. Baba yake na yeyote atakayevaa kibegi aguse kifungashio chake kabla ya safari na aeleze kwa mdomo wake mwenyewe atakavyofanya. Na insulini isiachwe kwenye gari lililofungwa wala isilazwe moja kwa moja juu ya barafu. Kalamu nyingi zinazotumika hukaa chini ya nyuzi 30. Vile vifuko vinavyoloweshwa maji vikapoa kwa mvuke vinatosha kwa siku nzima.

Usiku ndio ninaouhofia baada ya foleni. Siku ya kutembea sana, misuli inaendelea kuvuta sukari hata mtoto akiwa amelala, na kushuka kunaweza kuja saa 7 hadi 11 baada ya shughuli. Yaani mmerudi, mmeoga, mmechoka wote, na saa nane au tisa usiku anashuka. Zungumzeni na daktari kabla ya safari kuhusu kupunguza insulini ya muda mrefu jioni za siku hizo, msiipunguze kwa kubahatisha. Simu ya mtoto ilale chumba kimoja nanyi, imechomekwa chaji, sauti juu. Msitegemee kufuatilia kwa mbali kupitia Wi-Fi ya hoteli, kwa sababu nyingi zinakutoa usiku na kukutaka uingie upya, na hakuna atakayekuamsha kukuambia hivyo. Weka pia saa ya kengele ya kawaida saa nane usiku, uamke uangalie muda, mshale, namba.

Fanyeni jaribio moja kabla ya kwenda. Jumamosi moja nendeni mahali pa umati wa kawaida kwa saa tatu, na kibegi, na zamu, na kukabidhiana kwa sauti. Katikati yake, mmoja aondoke na simu ya mtoto makusudi, aende mita hamsini, na mwingine aitazame simu yake ya kufuatilia. Baba yake aone kwa macho yake jinsi namba inavyobaki pale pale, nzuri kabisa, na ile saa ndogo ya kijivu chini yake inavyohesabu. Atakapoiona hiyo, nadhani hamtabishana tena juu ya sumaku.

Na yeye mwenyewe, binti, mshirikisheni. Mpeni neno moja la siri la kusema akijisikia vibaya, ili asione haya mbele ya watoto wengine, na mkubaliane kwamba akilisema hata kama mmebakiza watu watatu kufika mbele, mnasimama na kuangalia, na hakuna atakayemnung'unikia kwa kupoteza nafasi. Watoto wa umri wake hukaa kimya wakishuka foleni kwa sababu wanaogopa kukosa bembea. Mwambie tangu nyumbani kwamba bembea itamngoja.